Konokono wa Sauti Mbili

Juzi nilisimama katika duka la mayai karibu na soko la Kangemi nikasahau nilichokuwa nimekuja kununua. Trei tupu zilikuwa zimepangwa hadi darini, na harufu yake, ile ya karatasi iliyolowa ikakauka ikalowa tena, ilinishika mkono kama mtu anayenijua. Mwenye duka aliniuliza mara mbili, "Madam, unataka ngapi?" Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa nimerudi Hurlingham, katika chumba kisicho na dirisha, nina miaka saba, na mama yangu anasoma.

Chumba hicho kilikuwa juu ya maduka, kando ya barabara ya Argwings Kodhek. Kuta zake zote zilikuwa zimebandikwa trei za mayai, hata mlango, ili kelele za nje zikwame humo zisiingie ndani. Hapo ndipo vitabu vya watoto vya picha vilipogeuzwa kuwa kanda za kusikiliza na filamu fupi. Hazikuwa katuni za kukimbizana. Filamu zao zilikuwa picha zilezile za kitabu, kamera ikipita juu yake polepole, kutoka ukucha wa kuku hadi kwenye kishungi, huku mtu akisoma. Kila kitabu kilihitaji nakala mbili, kwa sababu kurasa zina picha pande zote, na ukiubandika ukurasa ukutani picha ya nyuma imepotea. Auntie Achieng, mwenye studio, alizikata kwa wembe na rula. Mara ya kwanza kumwona akipasua mgongo wa kitabu kipya nililia. Nyumbani kwetu hata kukunja pembe ya ukurasa lilikuwa kosa la kuitwa sebuleni.

"Usilie, Shiru," aliniambia bila kuinua macho. "Hiki kitabu kinaenda kutembea. Na huwezi tembea ukiwa umeshonwa mgongo."

Mama alikuwa mwalimu wa chekechea. Yeye na Auntie Achieng walijuana kwenye kwaya ya kanisa, ambako Mama aliimba sauti ya kwanza, safu ya mbele, na Auntie alikuwa amemwinda muda mrefu amsomee kitabu. Likizo ya Agosti ilipofika Mama akakubali. Baba alishinda kazini Westlands, na kwetu Mountain View hakukuwa na mtu wa kuachiwa mtoto, kwa hiyo nikawa naenda naye. Ili nisiguseguse vitu nilipewa kijiko na glasi. Mama akimaliza ukurasa, Auntie alininyooshea kidole, nami niligonga glasi mara moja, ting, ili mtoto atakayesikiliza kanda akiwa na kitabu mapajani ajue wakati wa kufungua ukurasa mwingine.

Mtu wa tatu humo alikuwa Wycliffe, fundi wa sauti, kijana mrefu wa kutoka Vihiga aliyevaa sweta moja tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Masikio yake yalisikia vitu ambavyo sisi wengine tulikuwa tumezoea hadi tukaviita kimya. Alisikia friji ya duka la chini ikianza kunguruma. Alisikia tumbo la Auntie Achieng saa nne kabla ya chai.

"Ngoja, Mwalimu," angesema, mkono juu. "Kuna ndege."

"Wa chuma ama wa manyoya?" Mama angeuliza, maana juu yetu walipita wote, wale wa kwenda kutua uwanja wa Wilson na wale wenye midomo mirefu wanaozomeana kwenye miti ya majirani.

Tungengoja apite. Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda, kusoma kidogo na kungoja sana, na mpaka leo nikiona watu wamenyamaza kwa pamoja nafikiri kuna mtu anarekodi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha konokono wa Limuru aliyetaka kuvuka barabara. Upande wake kulikuwa na sukumawiki zilizonyauka, upande wa pili mashamba ya chai yenye umande. Kilikuwa na kurasa kumi na nane, na katika kila ukurasa alikuwa amesogea kiasi cha ukucha.

"Kwani huyu jamaa atafika lini?" Wycliffe alilalamika. "Tutazeekea hapa."

"Wewe rekodi," Mama akamwambia. "Yeye anajua penye anaenda."

Mama alimpa kila mhusika sauti yake. Lori lilizungumza kutoka tumboni. Kuku alizungumza kwa pua, sawasawa na jirani yetu mmoja ambaye niliapishwa nisimtaje. Lakini siku ya kwanza alipofungua kinywa kwa niaba ya konokono, kijiko kilinidondoka.

Ilikuwa sauti ya asubuhi. Kila siku ya shule Mama aliniamsha kwa sauti moja, nyembamba, ya joto, isiyo na haraka, aliyoiweka karibu sana na sikio langu hata nikadhani inaishi humo. "Shiru. Kumekucha. Kuja polepole." Hakuitumia kwa Baba. Hakuitumia kanisani wala kwa watoto wake wa darasani, ambao aliwafokea mchana kutwa kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ilikuwa yangu. Sasa alikuwa amempa konokono, mbele ya watu, na Wycliffe alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, amefumba macho.

"Hiyo! Hapo hapo, Mwalimu. Hiyo usiache."

Niliokota kijiko. Mtoto wa miaka saba hana jina la jambo la namna hiyo.

Agosti ile ilikuwa ya baridi, ukungu ukikaa juu ya Waiyaki Way hadi saa nne. Mama alikuwa amemaliza muhula na mkwaruzo kooni, na kila siku ulizidi. Alikunywa tangawizi. Alilamba asali na ndimu. Wote walisema ni hii baridi tu, na mimi ningeamini hivyo kama si ile Jumatano Wycliffe aliponivalisha hedifoni.

Lazima nieleze kuhusu kanda. Studio ilikuwa na kompyuta, lakini hawakuiamini, kwa sababu stima ilipotea mara kwa mara na ikipotea ilimeza kazi ya siku nzima. Wycliffe alirekodi kwanza kwa mashine ndogo ya betri, kwenye kanda iliyokuwa ndogo kuliko zile za redio ya nyumbani, na kazi yote ikiisha ndipo angeihamishia kwenye kompyuta. Mpaka hapo hakukuwa na nakala nyingine. Kanda ililala ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya rafu.

"Kuja usikie mamako ni noma," Wycliffe alisema, akaniinamia na hedifoni zilizokuwa kubwa kuliko kichwa changu.

Masikioni mwangu Mama alikuwa mzima kabisa. Sauti ya asubuhi ilikuwa pale, bila hata chembe ya vumbi, akimwambia kuku kwamba hana haraka. Mbele ya macho yangu Mama alikuwa anamwomba Auntie maji, na nilipoinua hedifoni upande mmoja nilisikia kitu kama kiatu kwenye changarawe. Nikairudisha. Mzima. Nikainua tena. Changarawe.

Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Kilichokuwa kinapungua huku kilikuwa kinaongezeka kule. Kila siku tulikuja, Mama akasoma kurasa tatu au nne, na kila siku tulirudi nyumbani akiwa amebakiwa na sauti kidogo zaidi. Lililoniogopesha ni kwamba nilijua pia nani anayeifungia humo. Mama alimaliza ukurasa, Auntie akaninyooshea kidole, ting. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango.

Siku iliyofuata kidole kiliponielekea sikugonga.

"Shiru, umelala?" Auntie Achieng aliuliza. "Gonga, mami."

"Sitaki."

"Aii!" Wycliffe akageuka kwenye kiti chake. "Mwalimu, mtoto wako amegoma. Kweli huyu ni wa mwalimu, ameanza mapema."

Mama alicheka. Nilimtazama akicheka na hakukuwa na sauti ndani, hewa tu, mabega yakipanda na kushuka. Auntie akachukua kijiko akagonga mwenyewe. Zikabaki kurasa mbili. Tutamaliza kesho Ijumaa, walisema, kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu na kuna walimu walioahidiwa filamu.

Mchana huo walipokwenda kunywa chai kwenye baraza, mimi nilibaki. Nilivuta kiti, nikafungua mkebe wa biskuti, nikatia kanda ndani ya soksi.

Mto wa Mama ulikuwa na pembe iliyofumuka, ambapo zamani nilikuwa nachomoa vipande vya sponji nikivichezea. Kabla ya chakula cha jioni niliingiza kanda hapo, ndani kabisa, mpaka mkono ukazama hadi kiwiko. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Angelala sikio lake likiwa juu ya kanda, na sauti, ikijikuta karibu na kwao, ingejua njia.

Asubuhi niliamka kabla ya kuamshwa, nikafumba macho, nikangoja. Alikuja. Alikaa kitandani. Aliinama. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo mtupu, na nilisikia jina langu kwa sababu tu nililijua. Nikajiambia labda njia ni ndefu. Labda inataka usiku mbili au tatu.

Studioni, Wycliffe alifungua mkebe. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akaupindua juu ya meza, na makombo ya biskuti za zamani yakamwagika.

"Wycliffe," Auntie Achieng alisema. "Kanda iko wapi?"

"Ilikuwa hapa, Auntie. Niliweka na mkono yangu."

"Na mkono yako. Kanda haina miguu."

"Auntie, naapa. Nani ataiba konokono?"

Wycliffe alisogeza mashine, akainua zulia, akabandua hata trei kadhaa ukutani kama kwamba kanda ingeweza kujificha mahali pa yai. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kusema kweli sikuwa naogopa kipigo. Niliogopa kwamba nikisema wataenda kuichukua kabla sauti haijamaliza kurudi.

Na hapo Mama akasema lile neno ambalo mpango wangu haukuwa nalo.

"Basi tusome tena."

Nilikuwa nimefikiri kanda ikikosekana kazi imekwisha. Haikunijia kwamba mtu anaweza kuanza upya.

"Tungoje Jumatatu, Mama Shiru," Auntie alisema. "Hata wewe unajisikia hiyo koo."

"Jumatatu niko na darasa. Tumalize leo, nipumzike vizuri."

Akasoma kuanzia sukumawiki zilizonyauka. Safari hii hawakungoja chai. Ukurasa wa tano konokono alikuwa bado konokono. Kufikia wa kumi alikuwa na sauti ya lori, na lori halikuwa na sauti kabisa. Mama alishika koo kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine, akameza mate kabla ya kila sentensi kama anayemeza kidonge. Nilikuwa nagonga glasi. Nilikuwa nimerudishiwa kijiko, na niligonga kwa sababu sikujua tena kugonga na kutogonga kupi ndiko kubaya zaidi.

Ukurasa wa kumi na nne alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Midomo ilimaliza sentensi peke yake. Wycliffe alivua hedifoni, akaziweka mezani taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Jumatatu Mama hakwenda darasani. Daktari aliona kinundu kwenye nyuzi za sauti, akakitoa kwa upasuaji mdogo, akaamuru wiki tatu bila neno, bila hata kunong'ona. Hayo niliambiwa. Mengine niliyasikia nikiwa chini ya meza ya chakula na kitabu changu cha kupaka rangi, Baba akimweleza Auntie Achieng aliyekuja kutujulia hali.

"Daktari anasema angenyamaza mapema, labda hata kisu hakingehitajika," Baba alisema. "Hiyo siku ya kurudia yote ndiyo ilimaliza kazi."

Daktari alikuwa amesema labda. Mtoto chini ya meza hasikii labda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza Mama kama kweli ilikuwa ile siku moja. Alikuwa anachambua mchele. Alisema alikuwa amewapigia watoto kelele miaka kumi kabla ya hapo, na kwamba koo si kitu cha siku moja. Nilingoja aseme hapana. Aliendelea kuchambua mchele.

Nyumba yetu ikawa ya kimya, lakini si kimya cha huzuni. Mama alijitundikia shingoni daftari na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kupiga makofi mara moja ilikuwa kuniita mimi, mara mbili Baba. Baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa "mm" na "sawa", aligeuka redio. Alitangaza kila alichokuwa anafanya, nasonga ugali, nazima jiko, kwa sababu hakuweza kuvumilia nyumba isiyo na mtu anayezungumza. Siku moja alisimama mbele yake na mwiko mkononi.

"Sasa Mama Shiru, hii yote ni ugonjwa, ama umeninunia?"

Mama aliandika bila haraka akamwonyesha: *Nimenuna tangu tuoane. Ni vile hukuwa unasikia.*

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kisha nikakumbuka, nikaacha.

Siku hiyohiyo nilikwenda kuangalia mto. Ile pembe iliyofumuka ilikuwa imeshonwa kwa uzi mpya wa samawati, kushona kwa Mama, hatua ndogondogo zilizolingana. Nilibonyeza sponji pande zote. Kanda haikuwamo.

Alijua. Nilingoja makofi ya mara moja, yale ya kuitwa sebuleni, na hayakuja. Aliendelea kunisuka nywele Jumapili. Aliendelea kunipakulia ugali wa pembeni, ule mgumu ninaoupenda. Kila jambo jema alilonitendea siku hizo nililipokea kama deni, na nikaanza kuwatafuta watu wa kugombana nao shuleni ili angalau mtu anifokee.

Kisha nikasoma daftari. Alikuwa ameliacha jikoni akaenda kuanika nguo. Maneno ya kawaida hupotea hewani, lakini ya Mama ya wiki hizo yalikuwa yamebaki, nusu ya kila mazungumzo, bila majibu ya upande wa pili. *Chumvi imeisha. Shiru ameoga? Hiyo shati si safi, vaa ingine.* Nikafungua nyuma, nikafika siku ambayo Auntie Achieng alikuja mara ya pili.

*Kanda nimeipata kwangu. Wycliffe hana makosa.*

Chini yake: *Mwambie arudi kazini.*

Na chini zaidi, baada ya nafasi ambapo bila shaka Auntie alikuwa ameuliza kitu: *Hapana. Hilo usiniulize.*

Sikuwa najua kwamba Wycliffe alikuwa amefukuzwa. Katika hesabu zangu zote alikuwepo Mama, nilikuwepo mimi, na ilikuwepo mashine. Hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa anaumia.

Nilitoka na daftari hadi kwenye kamba ya nguo. Mama alikuwa anakamua shuka.

"Ni mimi niliiweka kwa mto," nilisema.

Aliendelea kukamua mpaka maji yakaisha. Akaitundika shuka, akaibana kwa vibanio viwili, akafuta mikono kwenye leso. Akanitazama. Hapo ndipo nilipotambua jinsi nilivyokuwa nakutegemea kule kufoka kwake. Ukifokewa jambo linakwisha. Alivua penseli shingoni, akanipa.

Nilikuwa sijawahi kumwandikia mtu kitu ambacho si cha shule. Niliegemeza daftari kwenye beseni nikaandika: *Nilitaka sauti irudi kwako.*

Alisoma. Mkono ukamwenda kooni haraka, maana hata kucheka alikuwa amekatazwa, na mabega yakaanza kutetemeka kama siku ile studio. Nilikuwa karibu kutabasamu nilipoona machozi. Alinivuta kwenye leso yake iliyolowa, tukakaa hivyo, kisha akachukua penseli akaandika kwa muda mrefu, akifuta, akiandika tena. Ukurasa huo ninao hadi leo.

*Mashine haimnyang'anyi mtu. Inamtazama tu, kama kioo. Ukivunja kioo uso wako haurudi, kwa sababu haukuwa umeenda popote. Sauti yangu ilichoka tu. Jumamosi tunaenda Hurlingham. Wycliffe utamwambia wewe mwenyewe. Unaona mimi siwezi kukusemea.*

Jumamosi nilimkuta Wycliffe akibandika upya trei zilizobanduliwa. Mama alisimama mlangoni, akakunja mikono. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, nikitazama ndoo ya gundi.

"Kwa mto?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Ndani ya pilo."

"Ndiyo."

Alichuchumaa mpaka macho yetu yakalingana. Sikuwa nimewahi kumwona bila mzaha usoni.

"Sikiza, Shiru. Nilikaa nyumbani wiki mbili nikifikiria mimi nimekuwa mtu wa kupoteza vitu. Si eti kazi. Hiyo ya kujishuku ndiyo iliniuma. Usiwahi nifanyia hivyo tena."

"Sitarudia."

"Wala mtu mwingine."

"Wala mtu mwingine."

"Haya, leta mkono." Akanisalimia kama mtu mzima, gundi na yote, mikono yetu ikanatana. "Sasa shikilia hii trei, maliza kazi yenye ulianzisha."

Kanda ilikuwa nzima. Kurasa kumi na sita zilikuwamo, safi, jinsi Mama alivyozisoma asubuhi, koo likiwa limepumzika, kabla ya ile Ijumaa. Zilibaki mbili.

Wiki tatu zilipokwisha niliambiwa nisimkimbilie kwa maneno. Nilirudi kutoka shuleni, nikasimama mlangoni, naye akageuka kutoka kwenye jiko.

"Shiru, vua viatu. Umetuletea matope."

Nilivua. Lakini kabla ya kuvua nilitazama nyuma yake, nione ni mgeni gani aliyezungumza. Ilikuwa sauti ya chini, yenye makwaruzo, ya mtu mkubwa kuliko yeye aliye chumba cha pili. Daktari alisema ingepanda. Ilipanda kidogo ikakaa. Kwenye kwaya alihama safu ya mbele akasimama nyuma, karibu na wanaume, na hakurudi tena mbele. Shuleni walimpa darasa la wakubwa, wasiohitaji kuimbiwa.

Auntie Achieng alitaka mwingine amalizie kitabu. Kulikuwa na msichana kwenye kwaya ambaye sauti yake ingefanana na ile ya zamani.

"Usikasirike, Mama Shiru," alisema. "Nafikiria watoto. Konokono mmoja, sauti mbili, watashtuka."

"Ni yeye tu," Mama akasema kwa sauti yake mpya.

"Najua ni wewe. Wao hawajui."

"Konokono, nasema. Ni yeye tu."

Auntie alimtazama Wycliffe apate wa kumuunga mkono. Wycliffe alikuwa ameshavaa hedifoni. "Mimi niko tayari," alisema. "Na saa hii hakuna ndege."

Mama akasoma kurasa mbili za mwisho.

Filamu ilichelewa karibu muhula mzima. Tuliitazama Jumamosi moja alasiri katika ukumbi wa kanisa, Kangemi, juu ya shuka jeupe lililobanwa ukutani, madirisha yakizibwa kwa maboksi. Watoto walijaa kwenye mabenchi mpaka wengine wakakaa sakafuni. Mama alikuwa benchi mbili mbele yangu, na kando yangu alikaa mvulana nisiyemjua, mandazi mkononi, ambaye hakujua mimi ni nani.

Kamera ilipita juu ya sukumawiki. Ilipita juu ya lami, nyeusi na ndefu jinsi ambavyo sikuwahi kuiona kitabuni. Na ile sauti ya asubuhi ikajaa ukumbini, ikaingia katika kila sikio pale, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba nimenyang'anywa. Mvulana aliacha kutafuna. Gurudumu la lori lilipojaa shuka lote, mtu mdogo huko mbele alianza kulia, akatulizwa. Ukurasa wa kumi na sita ukaisha.

Ikaingia sauti ya pili.

Ukumbi uligunaguna. Mvulana alinipiga kiwiko. "Ah! Wamebadilisha. Huyu sasa ni nani?"

"Ni konokono," nilimwambia.

"Wacha! Konokono alikuwa na sauti poa. Huyu ni mzee."

Niliona shingo ya Mama ikitulia. Hakugeuka, lakini najua shingo yake ikisikiliza. Ningeweza kumwambia yule mvulana ukweli wote, kanda, mto, kisu. Ningeweza kunyamaza, kama nilivyonyamaza siku ile mkebe ulipopinduliwa. Nilitazama shuka. Konokono alikuwa bado hatua mbili kutoka kwenye nyasi, lami yote ikiwa nyuma yake.

"Ni yeye," nilisema, tena si kwa kunong'ona. "Kwani wewe, ukivuka barabara yote hiyo na tumbo, sauti haingechoka?"

Mvulana alifikiri. Aliitazama lami. Alimtazama konokono.

"Ingechoka," alisema mwishowe, akaweka mandazi mapajani na kuinama mbele. "Sasa nyamaza basi. Anafika."